Fisi wa Alhamisi

Mwongera aliweka flashi juu ya meza ya Ednah Karimi, akaisukuma mbele kwa kidole kimoja.

"Ndiyo hiyo, Madam. Funguo zote za maktaba ziko ndani. Saa tisa leo nampa Mwalimu Gitobu, na haya maneno yaishe."

Ednah hakuigusa. Kabla ya kuwa mpelelezi wa kujitegemea alikuwa amekaa polisi muda wa kutosha kujua kwamba mtu anayejileta na ushahidi mkononi kabla hajaulizwa ama ana hatia hadi kisogoni, ama hana hata chembe. Alimkagua. Kijana hakuwa amenyoa ndevu, na vifungo vya shati alikuwa amevikosanisha, upande mmoja umepanda juu ya mwingine. Wezi aliowazoea Ednah walikuwa wakijitazama kwenye kioo kwanza.

"Keti. Unywe chai."

"Sina hamu, Madam."

"Sijakuuliza hamu. Nimesema chai."

Mwongera akachukua kikombe. Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la dawa za mifugo mjini Embu, na hata dirisha likiwa wazi ilinuka dawa ya kuogeshea ng'ombe. Kesi zilizopanda zile ngazi zilikuwa za kawaida: hati ya shamba imebadilika jina, mume amebadilika namba ya simu, ng'ombe amebadilika boma. Kesi ya fisi haikuwa imewahi kupanda. Mwalimu Gitobu, mwenyekiti wa maktaba, ndiye aliyempa Ednah kazi hiyo, akaahidi kumlipa mkungu wa ndizi kutoka shambani kwake. Alitaka athibitishiwe jambo moja tu, kwamba mhalifu ni Mwongera.

"Haya, nieleze tena," alisema Ednah. "Kutoka mwanzo, na usiniwekee maneno ya kompyuta."

Mwongera alishusha pumzi. Alikuwa fundi wa kompyuta katika shule moja ya bweni nje ya mji, na jioni zake zote alizimaliza kwenye Maktaba Wazi ya Mlimani, maktaba ya mtandaoni ambayo hakuna mtu hata mmoja aliyelipwa kuiendesha.

"Mtu anapiga picha ukurasa wa kitabu cha zamani. Wa pili anauchapa. Wa tatu anasoma kilichochapwa, analinganisha na picha, anarekebisha makosa, anabonyeza Tayari. Akishabonyeza, dunia nzima inasoma. Mimi ndiye niliandika programu yote inayofanya hiyo kazi."

"Na fisi?"

"Fisi yuko kwa kijitabu cha Mwalimu. Akiwa kijana anafundisha, aliandika hadithi alizosikia kwa mama yake, akawachapia watoto wa darasa lake. Katika hiyo hadithi ni wakati wa njaa. Fisi anajifunga leso, anaingia bomani, anasema yeye ni shangazi kutoka mbali. Anakaribishwa, anakula kila kitu, mwishowe watoto wanaona mkia. Anakimbia, anaanguka kisimani, anazama. Kwisha."

"Kumbe hakuzama."

"Kwa kitabu alizama! Lakini mjukuu wa Mwalimu alimsomea hiyo hadithi kutoka kwa tovuti yetu, na fisi hakuzama. Alikuwa anapalilia kunde." Mwongera alijikuna kidevu. "Tukarekebisha. Wiki ya pili fisi akapewa uji, akaaga vizuri, akaenda. Tukarekebisha tena. Wiki ya tatu akaolewa."

Ednah aliinamisha kichwa juu ya kikombe chake ili kijana asione mdomo wake. Kicheko hakifai mbele ya mshukiwa.

"Akaunti ya nani ilibadilisha?"

"Ya Mama Kinya, wa Ruiri. Ndiye msomaji wetu wa mwisho huko, yule wa kubonyeza Tayari. Mwalimu alimpigia simu, akamwuliza, umebadilisha mwisho wa hadithi? Akasema, mimi sijabadilisha kitu. Umempa mtu neno lako la siri? Sijampa. Na Mama Kinya ni shemasi, Madam. Hawezi kudanganya hata juu ya bei ya nyanya."

"Kwa hivyo Mwalimu akaamua ni wewe."

"Kwa sababu mimi peke yangu naweza kuingia kwa akaunti ya mtu bila neno lake la siri. Funguo ni hizo." Aliionyesha flashi kwa kidevu. "Na tulikuwa tumekosana. Nilisema kijitabu chake kimefifia, tupige picha upya. Yeye akasikia nimesema amezeeka."

"Ukiwapa funguo, nani ataendesha hiyo maktaba?"

"Hakuna. Mwalimu amesema afadhali izimwe kuliko iseme uongo. Itazimwa leo leo, baada ya kikao cha kamati huko Kinoru, Meru." Aliisukuma flashi tena kwa kidole. "Na huko shuleni wameanza kuniuliza. Ati wewe ndiye ulichezea vitabu vya wazee? Fundi wa kompyuta akishaitwa mwizi wa kompyuta, Madam, ni nani atamfungulia mlango?"

Hapo basi ndipo kesi ilipokuwa imelala. Ednah aliichukua flashi kwa leso, akaitia ndani ya mkoba wake, akafunga zipu.

"Imekamatwa," alisema. "Hakuna mtu wa kumpa mtu kitu mpaka niseme. Sasa fungua hiyo laputopu."

Alianza na mtu wa pili aliyewahi kuwa na funguo. Beverlyne wa Kinoru alisaidiana na Mwongera kuandika programu hapo mwanzo, kisha akaondoka ghafla, na watu wanaoondoka ghafla Ednah huwapigia simu kwanza. Aliiweka simu kwenye spika. Ilipopokelewa, mtoto alikuwa analia, na mwingine anajiandaa kuanza.

"Beverlyne, naitwa Ednah Karimi, mpelelezi. Uliacha maktaba kwa nini?"

"Hao unasikia ndio kwa nini."

"Mapacha?"

"Mapacha, Madam. Wanapokezana. Mmoja akilala, mwingine anaingia shifti."

"Bado una funguo za maktaba?"

"Mwongera alizibadilisha siku niliyoondoka, na alifanya vizuri. Ni ile hadithi ya fisi, ama? Sikiza, mimi nikipata saa moja ya kukaa kitako, unafikiri nitamwoza fisi? Nitalala."

Simu ikakatika. Ednah aliandika jina la Beverlyne kwenye karatasi, kisha akalikata, na hakuona haja ya kulirudia.

"Nionyeshe kumbukumbu za hiyo akaunti," alimwambia Mwongera. "Kila mara ilipofunguliwa."

Kijana aligeuza laputopu. Ednah alivaa miwani, akasogea karibu, huku mteja huko chini akibishania dawa ya minyoo.

"Hapa neno la siri limekosewa mara ngapi?"

Mwongera alipekua. "Halijakosewa hata mara moja."

"Mwizi hubahatisha. Huyu hakubahatisha." Kidole chake kilishuka. "Na hii ni nini? Alhamisi. Alhamisi. Alhamisi tena. Mchana tupu. Wewe Alhamisi mchana unakuwa wapi?"

"Shuleni. Niko na kidato cha pili kwa maabara."

"Kwa nini hukusema hivyo kwa Mwalimu?"

"Nilisema. Akaniambia kompyuta zenu zinaweza kupangiwa saa."

"Na kweli zinaweza," alisema Ednah, na Mwongera akanywea. Ednah hakuwa mtu wa kumfariji mshukiwa kabla ya wakati. "Sasa nionyeshe chenyewe alichobadilisha. Maneno ya kitabu upande huu, ya kwake upande huu."

Hapo ndipo alipoanza kupenda hii kesi. Mtu huyu, yeyote aliyekuwa, hakuwa amebadilisha mwisho peke yake. Huko juu, katikati ya hadithi, alikuwa amerudisha koma zilizoanguka. Alikuwa amerekebisha herufi ambazo mchapaji aliziruka. Pahali ambapo mstari mzima ulisahauliwa aliurudisha, kwa maana ileile ya kitabu.

"Mwongera, ushawahi kuona mtu anavunja nyumba usiku halafu anafagia?"

"La."

"Huyu amefagia." Aliendelea kusoma. Katika mwisho mmoja fisi alifungwa kwa kamba ya mkonge, akapalilia kunde mpaka mvua ikanyesha. Katika mwingine alipewa uji wa mtama kwenye kibuyu, akaombewa safari njema. Katika wa tatu aliolewa na fisi mwenzake, na mahari yakatajwa yote, hadi blanketi ya nyanya wa bibi harusi. "Na huyu si mtu mmoja. Huyu wa mahari anapenda maneno. Yule wa kunde ni mkali, hataki mchezo. Hawa ni watu tofauti kabisa."

"Genge?" Mwongera aliuliza, macho yamemtoka.

"Simu walizotumia zikoje?"

Zilikuwa tofauti, kila Alhamisi simu nyingine. Mwongera alisema hilo ndilo lililommaliza mbele ya kamati, kwa maana Mwalimu alisema ni mtu mmoja tu anayeweza kuigiza simu nyingi hivyo, naye ni fundi. Ednah alizifuata moja moja kwa ncha ya kalamu. Simu ndogo ya bei rahisi, kisha kubwa yenye kioo kipana, kisha ya zamani ambayo hata Mwongera alishangaa kuwa bado inawaka. Halafu moja mpya, kisha ile ndogo ikarudi. Baada yake ile kubwa, tena kwa mpango uleule.

Simu ya Ednah ililia juu ya meza. Ulikuwa ujumbe wa chama chake cha kwao Gachoka, kikundi cha akina mama wanaokutana kwa zamu, nyumba kwa nyumba. Akina mama walikuwa wanamkumbusha kwamba zamu inayokuja ni kwake, na kwamba safari hii hawataki kudanganywa na mayai, wanataka kuku mwenyewe.

Aliusoma. Akatazama laputopu. Akausoma tena, kisha akacheka kwa sauti mpaka Mwongera akaweka kikombe chini.

"Madam?"

"Genge ni la kweli," alisema Ednah, akipangusa macho. "Mimi mwenyewe niko na moja kama hilo. Mwongera, hizo simu zinapokezana zamu. Alhamisi hii kwa fulani, Alhamisi ijayo kwa fulani, hadi irudi kwa wa kwanza. Mwizi gani unamjua anaiba kwa mzunguko?"

Kijana alirudi kwenye kumbukumbu, akahesabu Alhamisi kwa kidole.

"Swali la mwisho. Ulisema msomaji analinganisha na picha ya ukurasa; hawa waliifungua hiyo picha?"

Mwongera aliandika maneno kadhaa, akabonyeza, akangoja. Kisha akarudi nyuma kwenye kiti kama aliyesukumwa.

"Hawajaifungua hata siku moja. Wako kwa ile hali nyepesi." Alishika kichwa. "Woi! Niliitengeneza mimi. Watu walilalamika picha zinakula bando, nikaandika sehemu ya kuzificha. Unapata maandishi peke yake. Sikufikiria msomaji wa mwisho angeiwasha."

"Kwa hivyo analinganisha na nini, ikiwa picha haipo?"

Mwongera alirudi kupekua skrini. Ednah alikuwa na jibu, lakini jibu lisilo na shahidi halina kazi mahakamani, na Mwalimu Gitobu alikuwa mahakama tosha. Alichukua funguo za gari.

"Leo ni siku gani?"

"Alhamisi," alisema Mwongera, na rangi ikamrudi usoni.

Probox ya Ednah ilipanda na kushuka kona zote za Chuka na Nkubu bila kulalamika sana. Walipokaribia Meru alimpigia Mwalimu Gitobu, akamwambia asiende kwanza Kinoru, aje Ruiri.

"Umempata mhalifu, Inspekta?"

"Nitampata akiwa kazini, Mwalimu. Ungependa kuona?"

"Nakuja," alisema Mwalimu, kwa sauti ya mtu aliyeshika fimbo.

Ruiri kulikuwa na jua na upepo wa vumbi, mbuzi wamesimama barabarani kana kwamba ni yao. Ednah hakumtafuta Mama Kinya. Alisimamisha gari mbele ya duka la mbegu, akamwuliza mwenyewe, "Kikundi cha akina mama kimeketi kwa nani leo?" na mwenye duka akajibu bila kuinua macho kutoka kwa gunia lake, "Kwa Njoki, pale penye mabati mapya."

Waliwasikia kabla ya kuwaona. Akina mama walikuwa wameketi kivulini, upande wa nyumba usio na upepo, kila mmoja na ungo wa maharagwe mapajani, wanachagua wakiongea. Sufuria ya chai ilikuwa katikati. Mwanamke mnene mwenye sweta ya kijani ndiye aliyekuwa ameshika simu, ameinyoosha mbali na macho, anasoma kwa sauti ya mtu wa kwaya.

"'Fisi akakimbia, akaanguka kisimani, akazama.'" Alishusha simu. "Ati akazama! Imerudi tena. Hii mashine inasahau."

"Rekebisha, Njoki," walisema wenzake.

"Muuga!" Ednah aliwasalimu, na wote wakaitikia muuga, wakasogeana kumpa nafasi. Hakuna aliyeshtuka. Hakuna aliyeficha simu. Kwa muda wote aliokuwa kazini Ednah hakuwahi kufumania genge lililomsogezea kigoda.

"Mimi ni mpelelezi," alisema baada ya kuketi, maana haki ni haki. "Natoka Embu. Mama Kinya ni nani?"

Mwanamke mwembamba aliyevaa kitambaa cheupe kichwani aliinua mkono. "Ni mimi. Ni hii maneno ya fisi? Nilishamwambia Mwalimu sijabadilisha kitu."

"Na nakuamini. Neno lako la siri umempa nani?"

"Sijampa mtu. Naliandika mimi mwenyewe kwa kidole changu, halafu naitoa simu."

"Unampa nani hiyo simu?"

"Simpi, ni yake. Namrudishia mwenye nyumba."

"Leo mwenye nyumba ni nani?"

"Njoki."

"Alhamisi iliyopita?"

"Makandi, huyo hapo. Yeye ndiye alimwoza fisi."

Makandi, mama kijana mwenye mashavu ya kucheka, aliinamia ungo wake. "Na nilimwoza vizuri," alisema. "Hata blanketi niliweka."

"Na yule wa kupalilia kunde?"

"Huyo ni wa kwangu," alisema Mama Kinya kwa haraka. "Lakini siku hiyo kidole kilikuwa cha binti yangu. Mimi nilisema tu. Na wa uji ni wa huyu aliyeketi nyuma yangu."

Mwongera alikohoa. Ednah alimtupia jicho la kumnyamazisha. Kitu kimoja alichojifunza polisi ni kwamba shahidi anayejibu swali uliloliuliza hana kosa ikiwa uliuliza swali baya, na Mwalimu alikuwa ameuliza baya. Alimwuliza mama wa watu kama yeye amebadilisha. Hakumwuliza nani.

"Nifafanulieni," alisema. "Mimi ni Mmbeere, sijui desturi ya hapa. Kwa nini simu ni ya mwenye nyumba?"

Njoki ndiye aliyejibu, kwa upole, kama anayemfundisha mtoto kushika kijiko. "Mwenye nyumba anatoa chai. Anatoa chakula. Si lazima atoe na bando?"

"Na mwisho wa hadithi?"

"Huo pia ni wake. Hadithi ikifika mwisho, mwenye nyumba ndiye anaifunga, vile ilikuwa ikifungwa kwao alipozaliwa. Mgeni anasikiza, anakunywa chai. Hata kama kwao ni tofauti, hawezi kumkosoa mtu kwake. Atangoja zamu yake."

"Na hamkuwahi kuona picha ya kitabu chenyewe?"

Walitazamana. "Kuna picha?" aliuliza Makandi.

Mwongera alijishika paji la uso. "Kuna picha, mama. Niliificha mimi."

"Kwa nini ukaificha, kijana?"

"Ili bando isiishe."

"Ulifanya vyema," alisema Makandi kwa dhati. "Inaisha upesi sana."

Ndipo bodaboda ikasimama langoni, na Mwalimu Gitobu akashuka. Alikuwa amevaa koti zito na tai licha ya jua, kijitabu chake kimefungwa kwa nailoni kifuani. Alimwona Mwongera, akakaza taya. Aliwaona akina mama, akalegeza kidogo. Njoki alikuwa ameshasimama, na kabla Mwalimu hajamaliza kusalimia alijikuta ameketi, kikombe cha chai mkono mmoja na sahani ya mukimo wa viazi mkono mwingine, mikono yote ikiwa na kazi.

"Inspekta," alianza, "mhalifu yuko wapi?"

"Anakupakulia, Mwalimu."

Ednah alimweleza yote, bila haraka, kama anavyotoa ushahidi. Alhamisi, zamu, simu zinazorudi kwa mpango, koma zilizorekebishwa, picha ambayo hakuna aliyeiona. Mwalimu alisikiliza huku uso ukigeuka wa mwalimu, kisha wa hakimu, kisha wa mtu asiyejua aweke wapi sahani.

"Lakini fisi alizama!" alisema mwishowe. "Mama yangu alinihadithia akikoroga uji, na nikiuliza kama kweli amekufa, ananiambia amekufa, lala. Hicho kisima nakijua! Nilikuwa naogopa kuchota maji hapo. Mtu hawezi kuniamkia leo na kuniambia ameolewa!"

Hakuna aliyecheka, hata Makandi. Mbuzi mmoja alipita akajaribu ungo wa mtu, akafukuzwa.

"Kwa nyanya yangu," Njoki alisema taratibu, "alitoroka na chungu kichwani, kikamkwama. Ndiyo maana usiku analia sauti ya mtu aliye ndani ya chungu. Mimi pia niliambiwa nilale."

Mwalimu alifungua mdomo. Mama Kinya aliinua kidole, si kwa ukali.

"Mwalimu, uko kwa Njoki."

Ednah alimtazama mzee akishindana na nafsi yake mwenyewe. Alikuwa amesahihisha watu maisha yake yote, na hapa alikuwa na kikombe cha mwanamke mkononi na mukimo wake mdomoni. Alimeza. Akafunga mdomo. Maharagwe yakaendelea kuanguka kwenye ungo.

"Mwongera," Ednah alisema, "hiyo programu yako inaweza kubeba fisi zaidi ya mmoja?"

Kijana alisogea mbele kwenye kigoda, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alisahau kuogopa. "Inaweza. Ukurasa uliopigwa picha unakaa kama ulivyo, hakuna wa kuugusa bila kuona picha. Picha nitaifanya nyepesi, isile bando. Halafu chini ya hadithi nafungua milango. Ilivyofungwa kwa Njoki, Ruiri. Ilivyofungwa kwa Makandi. Kila nyumba na mwisho wake, na jina lake juu. Msomaji anachagua anaingia kwa nani."

"Inachukua muda mrefu?" aliuliza Mwalimu. Alikuwa anatazama kijitabu chake, si kijana.

"Ningeanza leo, Mwalimu. Lakini leo nawapa funguo."

"Inspekta, hizo funguo ziko wapi?"

Ednah alifungua mkoba, akaitoa flashi ndani ya leso, akamkabidhi. Mwongera aliiangalia ikienda, akashusha macho kwenye viatu vyake. Mwalimu aliipokea, akaigeuza, akaipima uzito kwenye kiganja kama mtu anayekagua mbegu.

"Kijana, nilikuita mwizi mbele ya kamati," alisema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Saa tisa nitasimama mbele ya kamati hiyohiyo niseme nilikosea. Na kesho nitapiga simu huko shuleni kwako, niseme hivyo hivyo." Akamshika Mwongera mkono, akamfungua vidole, akaiweka flashi katikati, akavifunga tena. "Usizime kitu. Na ni kweli, picha zimefifia. Uje tupige upya."

Mwongera aliitikia kwa kichwa mara nyingi kuliko inavyohitajika. Njoki akamwekea mukimo, maana alionekana hajala tangu jana.

Mwalimu alikuwa bado hajamaliza. Alinywa chai yote, akakiweka kikombe chini kwa adabu, akawageukia akina mama.

"Alhamisi ijayo mko kwa nani?"

"Zamu inarudi kwangu," alisema Mama Kinya.

"Mama Kinya, nakuomba zamu yako. Mje kwangu. Wote."

Kikundi kizima kiligeuka kumtazama. Hakukuwahi kuwa na mwanamume katika mzunguko, na ilionekana wazi kwamba jambo hilo lingejadiliwa mpaka Pasaka. Makandi ndiye aliyeuliza yaliyokuwa muhimu.

"Nyumba ni kubwa, Mwalimu? Sisi tunakula."

"Ni kubwa. Na nitanunua bando." Alisimama, akafunga kifungo cha koti. "Mtakula, mtakunywa, na mtanisikiliza mpaka mwisho. Na hakuna mtu atanikosoa."

Mama Kinya alimpa mkono juu ya ungo wa maharagwe, na jambo likawa limepitishwa.

Ednah aliandika ripoti yake akiwa bado ndani ya Probox, karatasi imeegemea usukani, huku Mwongera akimalizia mukimo kwenye kiti cha pili. Haikuwa ndefu. Aliandika kwamba maktaba haikuvunjwa. Kwamba Mwongera hana hatia, na funguo amerudishiwa. Kwamba wahusika wote wametambuliwa na watakuwa nyumbani kwa Mwalimu Gitobu Alhamisi ijayo mchana. Kisha, kwa kuwa ripoti nzuri haiachi swali, akaongeza mstari mmoja chini: fisi wote wa Ruiri wako salama, isipokuwa wa Mwalimu, ambaye atazama kisimani wiki ijayo mbele ya mashahidi.